ThinkPad T42 ya mzee: hadi diski, CF au mSATA? Na ndani upige XP au antiX?

Baba mkwe wangu ana ThinkPad T42, ile ya 2004, enzi za IBM kabla Lenovo hawajaichukua biashara ya kompyuta mwaka 2005, na hataki kusikia habari ya laptop nyingine. Humo anaandika hesabu zake za zabibu, shamba liko Mpunguzi, kibarua gani kalipwa, dawa ya ukungu kanunua lini, kilo ngapi zimetoka msimu huu, basi. Kibodi kaizoea, na ile taa ndogo juu ya kioo inayomulika kibodi usiku anaipenda kuliko kitu chochote, anasema laptop za siku hizi zimekonda mpaka zimekosa pa kuweka taa. Sasa hadi diski ikaanza kulia tak, tak, tak, akanipigia simu: "Baba Neema, mashine inagonga mlango, njoo uifungulie." Nikajua hapo hamna muda.

Nimehangaika nayo kama wiki tatu hivi, mara hapa kwangu Chang'ombe, Dodoma, mara kwa mzee, nimejaribu aina tatu za kuhifadhia na mifumo miwili, Windows XP na antiX ambayo ni Linux nyepesi (mitatu kwa kweli, ila ule wa tatu nitaugusa tu), naandika tofauti zake ili mwenye mashine ya umri huo asipoteze hela nilizopoteza mimi. Mengi humu yanaenda kwa laptop yoyote yenye hadi diski ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski) ya nchi mbili na nusu, ile ya pini 44. Kama yako ni ya SATA (njia mpya iliyoifuata IDE), mfano T60 au Dell D630, we una bahati, chukua SSD (diski isiyozunguka) yoyote ya SATA uchomeke, shuka moja kwa moja kwenye sehemu ya XP na antiX. Na kama ni T43 kuwa makini, ile ndani ina kidaraja cha kugeuza SATA kuwa IDE na bayosi yake (programu ndogo inayoiamsha mashine) ikikuta diski isiyoijua inatoa erro 2010 kila ukiwasha, inapita lakini inakera. T42 haina hiyo shida, ni IDE ya kweli.

Kabla ya hela yoyote kutoka mfukoni, okoa mafaili. T42 haina shida kufungua, skrubu moja tu chini unaifungua hata kwa sarafu, unavuta diski kwa pembeni inatoka na kifuniko chake. Usiiwashewashe kuangalia kama bado inagonga! Kila ukiwasha ndo unaisogeza kaburini. Mi niliichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB nikatumia ddrescue kwenye Linux, hiyo inakopi kwanza sehemu nzima zinazosomeka, halafu ndo inarudi kuhangaika na zilizooza, tofauti na kukopi kwa kuburuta ambako ikikutana na sekta mbovu inaganda hapo hapo mpaka jua linazama. Ilichukua usiku kucha. Faili la zabibu likapona, picha mbili tatu za harusi hazikupona, na kuhusu hizo picha mama mkwe bado hatujaongea vizuri.

Hadi diski nyingine ya IDE

Hili ndo jibu la kwanza utakalopewa na fundi yeyote wa mjini hapa, "tafuta nyingine kama hiyo, piga windo, kwisha." Na lina mantiki yake, haina adapta, haina ujanja, XP imezaliwa nayo. Tatizo ni kwamba za aina hii hazitengenezwi tena, kwahiyo kila utakayouziwa ni mtumba uliotoka kwenye mashine iliyokufa. Nilinunua moja ya GB 40 kwa elfu ishirini. Nikaipima kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, masaa iliyozunguka ni zaidi ya elfu ishirini na tayari ina sekta mbovu zilizohamishwa, yani nimenunua mgonjwa nimweke kitanda cha marehemu.

Nyingine ni barabara. Mzee anaibeba kwenda shamba, mara bajaji mara pikipiki, na zile rasta za njia ya shamba unazijua. T42 ina kihisio cha mtikisiko, ikiona inatikisika inainua kichwa cha diski kikae pembeni kisikwaruze sahani, kitu kizuri sana kwa zama zile, ila kinahitaji draiva yake na hakirudishi ujana. Vumbi la Dodoma nalo linajaza feni, joto linapanda, na diski ya kuzunguka haipendi joto.

Ila niseme ukweli, ina sifa moja wenzake hawana: inakufa kwa kelele. Ile tak tak ndo ilituwahisha. Kadi na SSD zinakufa kimya, jana ilikuwepo leo bayosi haiioni. Kwahiyo ukihamia huko bakapu inakuwa lazima, siyo mapenzi.

Kadi ya CF

Hii nilikuwa naitamani toka zamani. CF ni zile kadi pana za kamera, SanDisk walizileta 1994, na siri yake ni kwamba kadi yenyewe inajua kuongea IDE. Adapta haina chipu ya kutafsiri chochote, ni waya tu zinazopeleka pini 50 za kadi kwenye pini 44 za laptop, ndo maana ni rahisi na haichagui mashine. Kadi nilipata kwa mpiga picha mmoja wa pale karibu na Nyerere Square, wale waliokuwa na Canon 5D Mark II wengi wameshahamia kamera za kadi ndogo na hizi zimebaki kwenye madroo. GB 32, elfu kumi na tano, akanishukuru kama vile nimemtolea takataka.

Adapta ya kwanza ikaniumbua. Laptop ikawa inawaka lakini mauzi inaruka ruka, ukifungua kitu prosesa inapanda mia kwa mia kama inavuta mkokoteni. Kuangalia, ile adapta haikuunganisha waya za DMA (njia ya diski kupeleka data kwenye ram bila kumsumbua prosesa), kwahiyo kadi inafanya kazi kwa PIO, njia ya kizamani ambayo prosesa ndo inabeba kila neno kwa mkono, na mwisho wake kwa PIO 4 ni MB 16.6 kwa sekunde hata kadi iwe ya bei gani. Muuzaji kwenye tangazo aliandika "inasapoti zote". Zote zipi sijui. Ya pili nilimuuliza kabisa kuhusu UDMA, ile DMA ya kasi, kabla sijatuma hela, ikaja nzuri.

Hapo sasa CF ikawa tamu, kimya kabisa, mashine haipati joto, programu zinafunguka haraka. Lakini kadi ya kamera imetengenezwa kuandika picha moja kubwa kwa mfululizo, wakati mfumo wa kompyuta unaandika vitu vidogo vidogo mamia, huku rekodi, huku kumbukumbu za brauza. Kwenye kusoma inakimbia, kwenye kuandika vitu vidogo inashika pumzi. Ukianza apdeti nenda kachote maji.

Halafu kuna suala la XP. Kadi nyingi za kamera zinajitambulisha kwamba ni kitu cha kuchomoa kama flashi, na XP kwa kitu cha kuchomoa inaona patisheni (kipande cha diski) ya kwanza tu, zingine haioni, na kuinstoli kunakuwa na usumbufu. Kuna kadi za viwandani zimewekwa zijitambulishe kama diski ya kudumu, hizo XP haileti maneno, ila bei yake inapanda na kuzipata hapa ni bahati. Linux yenyewe haijali, kwake diski ni diski.

Adapta za kadi ndogo za SD kwenda IDE pia zipo. Nilijaribu siku moja. Tusonge mbele.

mSATA ndani ya adapta

mSATA ni SSD ndogo kama kadi ya wifi, zilikuwa kwenye laptop za kama 2011 mpaka 2014 hivi kabla M.2 haijachukua nafasi. Unainunua mtumba, unaifunga kwenye adapta yenye umbo la diski ya nchi mbili na nusu, ndani ya adapta kuna chipu inayotafsiri SATA kuwa IDE na kifaa cha kushusha umeme kutoka volti 5 za laptop kwenda 3.3 za mSATA. Niliagiza Kariakoo ikaja kwa basi, nikaenda kuchukua mzigo stendi ya Nzuguni. Adapta elfu ishirini na nane, SSD ya GB 128 elfu thelathini na tano, mzigo elfu tano.

Hapa watu wanaliwa hela kwa kuchanganya majina. mSATA, M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe ni vitu vitatu tofauti. Za M.2 ya SATA nazo zina adapta zake za IDE, zinafanya kazi, lakini NVMe haiingii humu hata umwite nani, siyo lugha moja. Pia kwenye adapta kuna jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye pini) ya masta na slevu, iweke masta, nilipoteza jioni nzima kwa sababu ilikuja ikiwa slevu na bayosi ikasema haina diski.

Usihangaike kutafuta SSD yenye kasi kubwa. Njia ya IDE ya T42 mwisho wake ni MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida kabisa inaujaza huo mfereji ikabaki na chenji. Kinachobadilisha maisha siyo hizo MB, ni muda wa kutafuta, diski ya kuzunguka kila ikitafuta kitu inachukua milisekunde kumi na zaidi kichwa kifike, SSD haina kichwa cha kusafirisha.

Kuhusu ukubwa, GB 64 au 128 inatosha na ina faida nyingine, XP ya mwanzo kabisa isiyo na sevisi paki haioni zaidi ya GB 137, ukibaki chini ya hapo haikuhusu. Usiijaze yote. Adapta nyingi hazipitishi amri ya TRIM, na XP yenyewe hata haijui TRIM ni nini, kwahiyo SSD haiambiwi sehemu gani zimefutwa, mi niliacha kama GB 25 bila patisheni ili yenyewe ipate pa kupumulia. Na kama utapiga XP, tengeneza patisheni kwanza kwa GParted, programu ya kugawa diski, ianzie kwenye MB ya 1, maana XP ikitengeneza yenyewe inaanzia sekta ya 63, inapishana na kurasa za SSD na kila kuandika kunakuwa kazi mara mbili. Kwenye kuinstoli usiifute hiyo patisheni, iambie tu ifomati hapo hapo.

Ubaya wake ni kwamba una kitu cha tatu katikati, ile chipu, na siyo kila SSD inaelewana nayo. Ya kwanza niliyoweka ilikuwa asubuhi mashine ikiwa ya baridi haionekani, ukirestati inaonekana. Nikabadilishana na jamaa akanipa ya kampuni nyingine, tatizo likaisha. Ukinunua kubaliana na muuzaji mapema kama atapokea kurudishiwa.

Vipimo vya mashine hii hii kwa hdparm, programu ya kupima kasi ya diski: ile hadi diski ya mtumba MB 28 kwa sekunde, CF kwenye adapta nzuri 41, mSATA 84. XP kutoka kubonyeza swichi mpaka kuweza kufungua faili, hadi diski dakika moja na sekunde hamsini, CF kama sekunde hamsini na tano, mSATA thelathini na tano. Kwako zitatofautiana kidogo ila mpangilio utakuwa huo huo. Na yote haya baada ya kuongeza ram, ilikuwa na MB 512 nikaweka mbili za GB 1, GB 2 ndo mwisho wa T42. Ukiacha ram ndogo halafu ukaweka SSD umenunua kiatu kipya kwa mguu uliovunjika.

Sasa ndani yake: XP au antiX

Kwanza tuwaondoe wasiohusika. Windows 10 haiingii, na siyo suala la uzito, kuanzia Windows 8 wanadai prosesa iwe na kitu kinaitwa NX na Pentium M ya T42 haina, inagoma mlangoni. Nayo Windows 10 yenyewe sapoti yake ya kawaida imeisha Oktoba 14, 2025. Windows 7 ya biti 32 kwenye karatasi inaingia, inataka ram GB 1 na nafasi GB 16, ila kwa zile Radeon za zamani unahangaika na draiva, na sapoti iliisha Januari 14, 2020, kwahiyo unabeba uzito mpya kwa faida ya zamani. Haiku niliijaribu, ni mfumo mtamu, unawaka kabla hujakaa vizuri, lakini siwezi kumwachia mzee wa miaka sabini kitu ambacho bado kiko kwenye beta.

XP sasa. Kwa kweli kwenye mSATA XP inapaa, na kwa mashine ya 2004 kila draiva ipo, kila kitufe kinafanya kazi, halafu kwa sababu ile adapta inaonekana kama diski ya IDE hauhitaji ule mchezo wa kuweka draiva za SATA wakati wa kuinstoli unaowatoa jasho wenye T60. Excel 2003 ya mzee ikafunguka kabla hajamaliza kukaa kwenye kiti. T42 pia ina lile tundu pana la printa za zamani, na rafiki yake ana Epson LX-300 ya riboni bado inakwaruza risiti mpaka leo, kwenye XP unachomeka unaprinti.

Ubaya unaujua, sapoti iliisha Aprili 8, 2014. Chrome walishaiacha 2016, Firefox 52 ndo ya mwisho kwake nayo iliachwa 2018, na ile Internet Explorer 8 iliyomo inaishia TLS 1.0, usalama wa tovuti wa kizamani, kwahiyo tovuti nyingi za sasa hazifunguki kabisa, siyo kwamba zinafunguka taratibu, hazifunguki. Nikajiambia sawa, mzee hana shida na intaneti, natoa kadi ya wifi, namwachia XP bila mtandao, hamna wa kumgusa.

Kumbe nilikuwa nawaza kama mtu anayeishi ulaya. Huku kwetu flashi ndo intaneti. Wiki ya pili mzee kapeleka flashi stesheneri moja mjini kuprinti karatasi za malipo ya vibarua, karudi kachomeka, mafolda yote yamegeuka shotikati. Vile virusi vya shotikati vilivyozoeleka toka tuko chuo, bado vipo vinazunguka, na XP inavipokea kwa mikono miwili kwa sababu kwa asili yake ukichomeka kitu inakimbilia kukiendesha. Antivirusi za kuaminika za XP zimeshaondoka mjini. Mafaili hayakufutika, yalikuwa yamefichwa tu, lakini mzee alishapandwa presha na mimi nilishatoka Chang'ombe kwenda Kikuyu saa tatu usiku.

Hapo ndo nikahamia antiX, niliyokuwa nimeshaijaribu wiki ya kwanza nikaiweka pembeni kwa sababu nilidhani mzee hataizoea. antiX 23 imejengwa juu ya Debian 12 (Linux kubwa ambayo nyingine nyingi zinatokana nayo) na bado ina toleo la biti 32 lenye keneli, yani kiini cha mfumo, isiyodai PAE (uwezo wa prosesa ya biti 32 kutumia ram zaidi ya GB 4). Hilo la PAE ni muhimu, Pentium M nyingi za aina hii haziitangazi PAE hata kama zinayo, kwahiyo Linux nyingine zinagoma kuwaka mpaka uandike forcepae kwenye mstari wa kubuti. antiX haikuuliza. Niliichoma kwenye DVD kwa sababu faili ni kubwa kuliko CD, nikabuti kwa droo ya DVD, dakika kama ishirini na tano ikawa ndani ya mSATA.

Ikishawaka inakula ram chini ya MB 200, inatumia IceWM (programu nyepesi ya madirisha), ina kitufe cha menyu chini kushoto kama alivyozoea. LibreOffice inafunguka lakini ni nzito, sekunde kumi na kitu, nikampa Gnumeric, programu ya hesabu kama Excel, ambayo inafungua faili zake za xls bila matatizo, fomula zake za kujumlisha na wastani zote zikawa salama. Kama wewe faili lako lina makro nyingi za Excel hapo usitegemee, baki na XP ujilinde kwa namna nyingine. Epson ya rafiki yake nayo ilikubali ila nilikaa nayo saa zima kuweka mipangilio, kwenye XP ilikuwa dakika mbili. Flashi ya stesheneri ikichomekwa, yale mashotikati yanaonekana kama mafaili ya ajabu yamekaa tu, hayana la kufanya, nayafuta, mafolda halisi yanaonekana pembeni yake.

Lakini msijidanganye kwamba Linux kwenye biti 32 ni ya milele. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena cha kuinstolia kwa mashine za biti 32, Firefox 144 ndo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na ESR 140, toleo lake la muda mrefu, waliahidi mpaka Septemba 2026 kwa uchache. Njia inaendelea kuwa nyembamba, ila bado ni pana kuliko ya XP iliyofungwa 2014. Na kwa mtandao wenyewe, hata ikiwa na antiX na mSATA, usitegemee YouTube, prosesa moja ya biti 32 inasoma tovuti nyepesi na barua pepe basi, kwa mengine simu yako ya laki mbili inaishinda mbali. Kama shida yako ni kuperuzi, hiyo hela ya adapta ongezea ununue laptop ya mtumba ya biti 64, nakwambia kama ndugu.

Umeme ukikatika

Hili nililipima makusudi kwa sababu betri ya mzee imekufa kabisa, umeme ukikatika mashine inazimika kama mshumaa. Nilichomoa waya mara kumi kwa kila mpangilio huku faili liko wazi naandika. XP kwenye mSATA, mara tatu iliwaka na ile skrini ya bluu ya kukagua diski, faili likawa zima ila bila mabadiliko ya mwisho. antiX na ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) kwenye mSATA kila mara ilisoma daftari lake la kumbukumbu kwa sekunde chache ikaendelea, mabadiliko ambayo hayajaseviwa ndo yakapotea. antiX kwenye CF, mara moja faili likarudi na ukubwa wa sifuri. Mara moja kati ya kumi ni nyingi sana kwa mtu anayelipa vibarua kwa hilo faili, na hapo ndo CF ilipotoka kwangu kwa hesabu za mzee, pamoja na mapenzi yangu yote kwake.

Vyovyote utakavyochagua weka kujisevu kila dakika mbili, na badilisha ile betri ndogo ya saa ya CR2032 iliyo ndani. Ikifa tarehe inarudi nyuma, unapata erro 0271 kila ukiwasha, na tovuti zote zinakataa zikidhani cheti cha usalama hakijaanza kutumika, utalaumu mfumo bure kumbe ni betri ya buku mbili. Na T42 ibebe kwa mikono miwili, usiiinue kwa kona moja ikiwa wazi, bodi yake inapinda na lehemu za chipu ya grafiki zinaachia.

Kwahiyo ningekuwa nakuchagulia mimi: una mashine inayoendesha programu moja ya zamani au printa ya zamani, haitoki hapo ilipo, flashi za watu haziingii, na una tayari kadi ya CF inayojitambulisha kama diski ya kudumu, weka hiyo na XP, tulia. Unaandika kila siku, unabeba mashine, flashi zinaingia na kutoka, weka mSATA na antiX, hata kama ni ghali zaidi. CF na antiX ni ya kuchezea jikoni kwako. Hadi diski ya mtumba usinunue, labda uwe unairudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani kwa ajili ya kumbukumbu. mSATA na XP ndo mpangilio wenye kasi kuliko yote niliyoonja, na ndo ulionitoa nyumbani saa tatu usiku.

Nilimrudishia Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza menyu iko wapi, Gnumeric iko wapi, kwa nini rangi zimebadilika, nimeandika hata kikaratasi. Hakukiangalia. Alisubiri iwake, akazima balbu ya sebuleni, akabonyeza Fn na PgUp. Taa ikawaka juu ya kibodi (hiyo inaendeshwa na mashine yenyewe, haiulizi umepiga mfumo gani).

"Haya, Baba Neema," akasema, "ni yenyewe. Faili la vibarua umeliweka wapi?"